Maswali ya Wasomaji: Mwalimu wa Kweli Hukubali Kuchunguzwa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii, kuanzia Nakuru hadi Siaya, zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: muumini afanye nini anapoanza kuwa na shaka juu ya mtu anayemfundisha Neno la Mungu? Tumechagua tano. Majina ya waandishi na ya makanisa yanayotajwa tumeyaacha nje, kwa kuwa ukurasa huu haukuwekwa ili kumshtaki mtu asiyekuwepo kujitetea. Barua zilizohitaji jibu refu tumezipa nafasi yake, na nyingine tumezijibu kwa ufupi.

*Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama, ninaishi Kaptembwa hapa Nakuru na ninauza mboga. Dada yangu alijiunga na huduma moja inayokutana kwenye hema. Kila Jumapili nabii huwahimiza watu wapande mbegu, na namba ya simu ya kupokelea pesa imebandikwa mbele, ikiwa imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Dada alituma pesa zote alizopata kwenye chama, ambazo zilikuwa za karo ya mtoto, kwa sababu aliahidiwa kwamba zingemrudia mara saba kabla ya shule kufunguliwa. Shule zimefunguliwa na mtoto yuko nyumbani. Nilipomwuliza mzee mmoja wa huduma hiyo, alinijibu, “Msiwaguse masihi wangu,” akaniambia nijihadhari na laana. Je, nilitenda dhambi kwa kuuliza?*

Hapana, mama, hukutenda dhambi. Ulifanya jambo ambalo Maandiko yanamwagiza kila muumini alifanye, tena ulilifanya kwa heshima, kwa kumwendea mzee wa huduma badala ya kusimama sokoni na kumtangaza mtu.

Tuanze na aya uliyotishwa nayo, kwa maana imefunga vinywa vya watu wengi katika nchi hii. Inapatikana katika Zaburi ya 105, aya ya 15, na tena katika 1 Mambo ya Nyakati 16:22. Ukirudi nyuma kidogo katika Zaburi hiyo, uanze kusoma aya ya 8 hadi ufike hapo, utaona kwamba wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni wasio na ardhi, wakihama kutoka taifa hadi taifa, na wanaokemewa ni wafalme ambao wangeweza kuwadhulumu. Ni neno la kumkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo neno hilo hilo linashikwa na mwenye nguvu ili kumnyamazisha mama anayeuliza karo ya mtoto ilikwenda wapi, na mimi naona hiyo ni dhuluma inayofanywa kwa kinywa cha Biblia.

Watu wengine hutaja habari ya Daudi, aliyekataa kunyosha mkono wake juu ya Sauli kule pangoni En-gedi. Ni kweli alikataa kumwua. Lakini sura hiyo hiyo, 1 Samweli 24, inasimulia kwamba Daudi alitoka pangoni, akamwita mfalme kwa sauti na kumweleza waziwazi kwamba anamwinda bila haki, akamwomba Bwana aamue kati yao. Baadaye Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme na akatenda dhambi, nabii Nathani alimwendea na kumwambia, “Wewe ndiwe mtu huyo.” Na Petro, mtume aliyetembea na Yesu, alikosea kule Antiokia, Paulo akamkemea mbele ya watu wote, kama tunavyosoma katika Wagalatia sura ya 2. Ikiwa wafalme na mitume waliulizwa, sioni ni nabii gani wa hemani aliye juu ya kuulizwa.

Sasa tuje kwenye pesa. Sitaki mtu asome hapa kwamba kutoa sadaka ni ujinga, au kwamba mhubiri hapaswi kula. Paulo anasema wazi katika 1 Wakorintho 9:14 kwamba wale waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, na kanisa linalomwacha mchungaji wake na watoto wake walale njaa linakosa. Jambo la kuangalia ni jinsi pesa zinavyoombwa na jinsi zinavyoshikwa. Maneno ya kupanda haba na kupanda kwa ukarimu, ambayo dada yako bila shaka ameyasikia mara nyingi, yako katika 2 Wakorintho 9:6. Sura ya 8 na ya 9 za waraka huo zote zinahusu mchango uliokusanywa kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, na aya inayofuata mara moja inasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima. Anayekutajia aya ya 6 na kuiruka aya ya 7 anajua anachokifanya. Vivyo hivyo wale wanaoahidi malipo ya mara mia kwa kutumia Marko 10:30 huacha kusoma maneno yaliyo ndani ya aya hiyo hiyo, “pamoja na udhia”. Ahadi yenye tarehe na hesabu, kwamba pesa zitarudi mara saba kabla ya shule kufunguliwa, haimo katika Maandiko popote.

Tazama pia jinsi Paulo alivyoubeba mchango ule. Hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:18-21 anaeleza kwamba aliandamana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asiwe na la kuwalaumu juu ya fedha hizo, akaongeza kwamba walitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume aliyetokewa na Bwana mwenyewe aliona ni lazima pawe na mashahidi wa fedha, ilhali huyu wa kwenu anapokea sadaka za watu wote kwenye simu iliyo mfukoni mwake. Hata kama hana nia mbaya, amejiweka mahali ambapo hakuna awezaye kujua.

Kuhusu dada yako, nakusihi usianze kwa kumtukana nabii wake. Ukianza hivyo atalazimika kumtetea, na kila neno la kumtetea litamfunga zaidi. Keti naye, msome pamoja sura hizo mbili za 2 Wakorintho polepole, halafu umwulize yeye mwenyewe anaona nini. Usimwache aamini kwamba pesa hazikurudi kwa sababu imani yake ilikuwa haba. Hilo ndilo jibu atakalopewa huko, na ndilo litakalomfanya akope ili apande tena. Asifute ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha alichotuma, kwa kuwa kujipatia mali ya mtu kwa hila ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na uamuzi wa kupiga ripoti au kutopiga utakuwa wake. Kanisa lililosajiliwa na Msajili wa Vyama huwa na katiba, viongozi wanaojulikana na taarifa inayotakiwa kupelekwa kila mwaka. Ana haki ya kuuliza kama huduma hiyo ina vitu hivyo. Na juu ya mtoto, mwende kwa mwalimu mkuu mapema, mkiwa wawili, mkaombe kulipa kidogo kidogo. Walimu wakuu wengi husikiliza mzazi anayekuja mwenyewe kabla ya kuitwa.

*Mchungaji, mimi ni kijana wa Kondele, Kisumu. Kwenye krusedi, nabii mgeni aliniita kutoka katikati ya umati, akataja jina la marehemu baba yangu, mtaa ninaokaa, na kwamba natafuta kazi. Yote yalikuwa kweli na sikuwahi kuonana naye. Rafiki zangu wanasema ni nabii wa uongo. Atakuwaje wa uongo ilhali amesema kweli?*

Swali lako ni zuri, kijana wangu, na Musa alilijibu kabla hatujazaliwa. Kumbukumbu la Torati 13 inazungumza juu ya nabii anayetoa ishara au ajabu, na ishara ile ikatokea kama alivyosema, kisha akawavuta watu wafuate miungu mingine. Torati inasema asisikilizwe, hata kama ishara imetimia, kwa kuwa Bwana anawajaribu watu wake ajue kama wanampenda. Katika Matendo 16 tunakutana na kijakazi wa Filipi aliyekuwa na pepo wa uaguzi. Aliwafuata Paulo na Sila akipiga kelele kwamba hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu, wanaowahubiria njia ya wokovu. Kila neno alilolisema lilikuwa kweli. Paulo akasikitika, akamkemea pepo yule akamtoka, na wa kwanza kukasirika walikuwa mabwana zake, waliokuwa wakipata faida nyingi kwa kuagua kwake. Hata katika vijiji vyetu, waganga wa kupiga ramli walisifika kwa kumweleza mgeni alikotoka na shida yake kabla hajafungua kinywa, na hakuna mzazi wako aliyesema kwamba kwa sababu hiyo wanatumwa na Roho Mtakatifu.

Hapo nimekujibu kama kwamba jambo lile lilikuwa la kiroho kweli. Huenda halikuwa. Jiulize kama mlangoni ulijaza karatasi ya maombi, kama mmoja wa wahudumu alikaa nawe kabla ya ibada akakuuliza habari zako kwa upole, kama picha ya mazishi ya baba yako iko kwenye Facebook pamoja na jina lake. Mwaka 1986 kule Marekani, mchunguzi James Randi na wenzake walinasa mawimbi ya redio katika mikutano ya mhubiri Peter Popoff, aliyekuwa akiwaita watu kwa majina na kutaja magonjwa na mitaa yao. Sauti waliyoinasa ilikuwa ya mke wake, akimsomea katika kifaa kidogo kilichokuwa sikioni yale ambayo watu wenyewe walikuwa wameyaandika kwenye kadi za maombi. Watu walilia kwa furaha kwa kuwa Mungu amewataja, kumbe wametajwa na mwandiko wao wenyewe. Simhukumu mgeni wenu kwa habari ya mtu mwingine. Ninachokuomba ni usifanye mshangao wako uwe ushahidi.

Jina la baba yako ulikuwa unalijua tayari. Mtaa wako unaujua. Kwa hiyo uliza neno lile lilikupa nini ambacho hukuwa nacho, na baada ya kulisema aliomba nini. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 14:3 kwamba anayehutubu husema na watu maneno ya kuwajenga, kuwafariji na kuwatia moyo, na katika aya ya 29 ya sura hiyo anaagiza manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Maana yake ni kwamba hata katika kanisa lililokuwa na karama za kweli, neno la nabii lilipimwa na wenzake walioketi palepale. Ikiwa mgeni wenu alisema na kuondoka, asiwepo mtu wa kupambanua, basi kazi hiyo imebaki kwako na kwa kanisa lako. Usiudharau unabii, Paulo anakataza hilo pia kwa Wathesalonike, na hapohapo anasema, “Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema.”

*Shemeji yangu hapa Siaya amekuwa akimeza dawa za kupunguza makali ya ukimwi kwa miaka. Kipimo cha mwisho kilionyesha virusi havionekani. Mtumishi mmoja alimwambia ni ushuhuda kwamba amepona, na kwamba kuendelea na dawa ni kumkana Mungu. Ameacha. Tumwambie nini?*

Mwambieni arudi kliniki kesho, na mmoja wenu aende naye. Dawa hizo hupunguza virusi katika damu hadi kipimo kisiweze kuviona, lakini vingine hubaki vimejificha ndani ya chembechembe za mwili. Anayeacha dawa, kwa kawaida virusi humrudia katika muda wa wiki chache, na dawa iliyomsaidia huweza kushindwa kufanya kazi baadaye. Kipimo kile kilikuwa habari njema juu ya dawa na juu ya uaminifu wake katika kuzimeza.

Tena aelezwe jambo hili kutoka katika Injili. Yesu alipomtakasa mwenye ukoma katika Mathayo sura ya 8 alimtuma akajionyeshe kwa kuhani, na wale kumi wa Luka 17 aliwaambia vivyo hivyo. Ukisoma Walawi sura ya 13 na ya 14 utaona kuhani alikuwa na kazi ya kumkagua mgonjwa, kumtenga, kungoja siku saba na kumkagua tena. Bwana aliyekuwa na uwezo wote aliwapeleka watu wake kwa mwenye mamlaka ya kupima. Anayesema umepona na wakati uo huo anakukataza kupimwa, anaogopa kitu. Paulo alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake na udhaifu wake wa mara kwa mara, na alisafiri na Luka, aliyemwita tabibu mpendwa. Nchi hii iliona hatari hiyo mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto wakiwemo. Kesi yake ni ya mahakama, ila tunajua kwamba mafundisho ya huko yalikuwa yamekataza shule na hospitali kabla ya watu kufika mahali pa kuambiwa wafunge hadi kufa. Kwa hiyo katazo la dawa lisichukuliwe kuwa jambo dogo la kusubiriwa ili kuona litakwenda wapi.

*Mimi ni mzee wa kanisa dogo katika kaunti ya Vihiga. Vijana wetu wanataka tumwalike mhubiri waliyemfahamu kupitia simu, naye ana wafuasi wengi. Baadhi ya wazee wenzangu nao wanasema kila asiyefundisha kama sisi ni mwalimu wa uongo, hata jirani zetu wa kanisa la Friends (Quaker) na wanaoshika Sabato. Kanisa lijilinde namna gani bila kugombana na kila mtu?*

Mzee wangu, umeyaona mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, na nakushukuru kwa kuyatenganisha. Vihiga ni mahali pazuri pa kujifunzia. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na hadi leo Friends hawabatizi kwa maji. Waanglikana wa Maseno, waliofika mwaka 1906, hubatiza watoto wachanga. Waadventista, ambao mwaka huo huo wa 1906 walianza kazi Gendia ng'ambo ya ghuba, huabudu Jumamosi. Wapentekoste hunena kwa lugha. Haya ni mambo mazito, na mimi nina msimamo wangu juu ya kila moja, lakini simwiti ndugu yangu nabii wa uongo kwa sababu yake. Warumi sura ya 14 inatufundisha kubebana katika siku na vyakula. Mzee anayepiga kelele za mbwa-mwitu kwa kila jirani atafika mahali ambapo hatasikilizwa siku mbwa-mwitu atakapokuja kweli.

Yale ambayo mitume hawakuyabeba ni mengine. Yohana anauliza kama mtu anamkiri Yesu Kristo, aliyekuja katika mwili. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba hata malaika wa mbinguni akihubiri injili nyingine na alaaniwe, na shida ya kule ilikuwa watu walioongeza masharti juu ya neema ya Kristo. Kwa hiyo mafuta, maji au kitambaa kinachouzwa kama njia ya kufikia baraka ambazo Kristo amekwisha kuzinunua kwa damu yake, hayo ni masharti yaliyoongezwa, nami sioni haya kuyaita injili nyingine. Petro na Yuda wanakazia mwenendo: tamaa ya fedha, uasherati, dharau kwa kila mamlaka. Mafundisho yanaweza kunyooka mimbarani na mwalimu akawa amepotoka nyumbani, ndiyo maana Bwana alisema tutawatambua kwa matunda yao, na matunda huhitaji muda na ukaribu. Simu haikuonyeshi matunda. Inakuonyesha dakika ambazo mwenyewe amezichagua.

Juu ya mgeni huyo basi, fanyeni kama mtu anayetaka kununua shamba, ambaye hatoi hata shilingi kabla ya kwenda ofisi ya ardhi kuuliza hati iko kwa jina la nani. Ulizeni anatoka kusanyiko gani, nani alimweka wakfu, na akikosea nani ana mamlaka ya kumwita na kumkemea. Akijibu kwamba yeye huwajibika kwa Mungu peke yake, mmekwisha kupata jibu. Pigeni simu kwa wale aliotumika kwao hapo awali, hasa alikoondoka, na msiridhike na jina analowapa yeye tu. Katika 1 Timotheo 3:7 Paulo anataka kiongozi awe ameshuhudiwa mema na watu walio nje, hivyo si vibaya kumwuliza hata jirani yake asiyekwenda kanisani. Afahamishwe mapema kwamba sadaka itahesabiwa na watunza hazina wenu mbele ya mashahidi, na kwamba posho yake itaamuliwa na baraza. Mtumishi wa kweli hatachukia masharti hayo. Wengine wao watashukuru kwamba wamekuta kanisa linalojua kujitunza.

Kanisa la kale lilifanya hivyo bila aibu. Kitabu kidogo kinachoitwa Didache, ambacho ni miongoni mwa maandishi ya mapema sana ya Wakristo nje ya Agano Jipya, kinaagiza kwamba mtume anayepita apokewe kama Bwana, lakini akae siku moja, au mbili ikilazimu. Akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Nakiri sheria hiyo ni kali kwa siku zetu, ila inaonyesha kwamba ukarimu na tahadhari viliwekwa pamoja tangu mwanzo. Na kule Roma, karibu mwaka 144, tajiri mmoja mwenye meli aitwaye Marcion alifundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale ni mwingine, si Baba wa Yesu Kristo. Alipojiunga na kanisa alikuwa amelitolea sesterti 200,000, fedha nyingi mno. Wazee walipoyasikia mafundisho yake walimtoa nje, wakamrudishia fedha zake zote. Huwa ninafikiri sana juu ya wazee hao. Sijui ni mabaraza mangapi leo yangerudisha pesa za mabati yaliyokwisha kupigwa misumari juu ya paa.

Sasa nikuombe uvumilie neno moja juu ya wazee wenyewe. Paulo alipowaaga wazee wa Efeso kule Mileto, katika Matendo 20, aliwaambia kwamba mbwa-mwitu wakali wataingia, kisha akasema, “Na tena katika ninyi wenyewe watainuka watu wakisema mapotovu.” Alikuwa akizungumza na baraza la wazee. Masharti mtakayomwekea mgeni yawekeni pia juu yenu: hesabu isomwe kanisani, mimbari isiwe ya mtu mmoja mwaka mzima, na kuwe na njia ya muumini wa kawaida kuleta malalamiko bila kuogopa. Malalamiko yenyewe yapokewe kwa haki. Paulo anamwambia Timotheo asikubali mashtaka juu ya mzee ila kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, na yakithibitika akemewe mbele ya wote. Uvumi wa sokoni umeharibu wachungaji waaminifu wengi tu, na anayeueneza atatoa hesabu kama yule mwalimu wa uongo.

Vijana wenu msiwakataze simu, kwa kuwa hamtaweza. Wapeni kitu kinachozidi simu. Chukueni Waraka kwa Wagalatia, mwanze sura ya kwanza, msome hadi mwisho kwa wiki kadhaa, kila mtu akiwa na Biblia yake na ruhusa ya kuuliza swali lolote, hata lile linalowatia wazee jasho. Kwa wazee wasioshika Kiswahili vizuri someni kwa Kilogooli. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17:11 kwa kuwa walilipokea neno kwa moyo wa uelekevu, huku wakiyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na aliyekuwa akichunguzwa hapo ni Paulo. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alinung'unika.

*Nilikuwa katika kundi kama hayo mnayoyaandika, hapa Kakamega, kwa muda mrefu. Niliwatenga wazazi wangu kwa sababu niliambiwa wana roho chafu. Nimetoka sasa, lakini nikisikia maombi ya sauti kubwa mwili wangu unatetemeka, na ninaona haya kuingia kanisa lolote. Je, Mungu amenikataa?*

Hajakukataa, binti yangu. Soma Ezekieli 34 ukiwa umetulia. Katika sura hiyo Bwana anawashtaki wachungaji waliojilisha wenyewe, na kondoo waliotawanyika hawalaumu hata mara moja. Anasema yeye mwenyewe atawatafuta waliopotea na kuwafunga waliovunjika. Aliyetumia jina lake kukuumiza ndiye aliye na kesi mbele zake.

Nenda kwa wazazi wako kwanza, hata kabla ya kanisa. Hawana haja ya maelezo marefu. Waambie ulidanganywa na unaomba radhi, kisha kaa ule nao. Juu ya kutetemeka, zungumza na mshauri nasaha au muuguzi katika hospitali iliyo karibu nawe, kwa sababu mwili uliotishwa kwa miaka huhitaji kutibiwa kama jeraha lingine lolote, na hilo halipunguzi imani yako. Ukiwa tayari kuabudu na wengine, chagua mahali penye ibada tulivu, uketi karibu na mlango, usijiandikishe katika kikundi chochote wala usikubali kusimamishwa mbele utoe ushuhuda. Soma Injili ya Marko mwenyewe, kidogo kidogo, pasipo mtu wa kukufasiria. Mwambie mchungaji wa hapo kwamba kwa sasa hupendi kuwekewa mikono wala kuombewa kwa sauti, na kwamba utakuwa na maswali. Akikubali, kaa. Akikasirika, tafuta kanisa jingine, na usijione kwamba umemkosea.